Ahadi Isiyozidi Wala Kupungua: Jinsi ya Kucheza Oh Hell

Katika michezo mingi ya karata, anayekula nyingi ndiye anayecheka. Ukimzidi mwenzako umeshinda, na hakuna atakayekuuliza kwa nini umekula kupita kiasi. Oh Hell haina tabia hiyo. Kabla karata ya kwanza haijatua mezani, kila mchezaji anatangaza atashinda mara ngapi. Akishinda mara hizo hizo analipwa. Akipungukiwa na mara moja, hapati kitu. Akizidisha mara moja, hapati kitu vilevile, na hapo ndipo wageni wa mchezo huu hukodoa macho: wameshinda karata, wamepoteza alama.

Jina lake la Kiingereza ni mguno tu, mguno wa mtu aliyeangukiwa na karata asizozitaka. Majina mengine yako tele. Marekani utausikia ukiitwa Blackout au Oh Pshaw, Uingereza Nomination Whist, India Kachuful au Judgement. Maelezo yake ya mwanzo kuchapishwa ni ya karibu mwaka 1930, kwa hiyo kwa umri wa michezo ya karata huu bado ni kijana. Bill Clinton, aliyekuwa rais wa Marekani, anajulikana kuwa mmoja wa wapenzi wake.

Kanuni zenyewe unaweza kuzisoma zikaisha kabla chai haijapoa. Tatizo huja baadaye. Mtu anajifunza kanuni, anaketi mezani, anahesabu karata zake kubwa kama alivyozoea, anaahidi, anakosa. Anakosa tena. Mgao wa tatu anaanza kulaumu bahati. Bahati imo, sikatai, lakini mara nyingi aliyekosa hakuitazama namba moja inayokaa wazi mbele ya kila mtu: jumla ya ahadi za meza nzima. Nitafika huko. Tuanze na mpangilio.

Karata na mgao

Unahitaji pakiti moja ya karata 52, jokari zikiwa kando. Aina ni nne: kopa, uru, pau na shupaza. Katika kila aina ree ndiyo kubwa, kisha mfalme, malkia, ghulamu, kumi, na kushuka hadi mbili. Wachezaji wanaweza kuwa watatu hadi saba. Wanne au watano ndio wanaonoga zaidi. Watatu wanajuana mno, na saba wanavurugana mno.

Maneno mawili nitayatumia kwa maana maalumu. Mzunguko ni pale kila mchezaji anapotoa karata moja, na mwenye karata inayoshinda akazizoa zote. Mgao ni kipindi kizima tangu karata zinapogawiwa hadi mikono inapobaki mitupu. Kwa hiyo mgao wa karata tano una mizunguko mitano, na hiyo mitano ndiyo yote inayogombewa. Haiongezeki.

Idadi ya karata hubadilika kila mgao. Watu wanne kwa kawaida huanza na karata kumi kumi, mgao unaofuata tisa, kisha nane, hadi moja. Wengine hufanya kinyume: wanaanza na moja, wanapanda hadi kumi, kisha wanashuka tena hadi moja. Kupanda na kushuka huko ndiko kulikoupa mchezo jina lake jingine, Up and Down the River, kama mtu anayepanda na kuteremka mto. Mkiwa wengi lazima mpunguze kilele. Watu saba hawawezi kuzidi karata saba kila mmoja, maana hizo ni 49 tayari, na lazima ibaki angalau moja ya kufunuliwa.

Hiyo inayofunuliwa ndiyo inayoamua turufu. Mgawaji akimaliza kugawa, anafunua karata ya juu kwenye rundo lililobaki, na aina yake inakuwa turufu kwa mgao huo. Karata yoyote ya turufu, hata mbili, inaipiga karata yoyote ya aina nyingine, hata ree. Kachuful ina utaratibu wake: turufu hufuatana kwa zamu isiyobadilika, shupaza, uru, pau, kopa, na jina la mchezo limeundwa kutokana na silabi za mwanzo za majina ya aina hizo.

Baada ya turufu kujulikana zinakuja ahadi, na baada ya ahadi uchezaji. Nitaanza na uchezaji kwa sababu ni mfupi. Aliye kushoto kwa mgawaji anaanza kwa karata yoyote. Wengine wanafuata kwa zamu, na mwenye aina iliyoanzishwa lazima aitoe. Asiye nayo yuko huru: anaweza kukata kwa turufu, anaweza kutupa karata yoyote asiyoitaka. Halazimishwi kukata, na uhuru huo una thamani kubwa kuliko unavyoonekana. Mzunguko unaliwa na turufu kubwa kuliko zote zilizotoka, na kama turufu haikutoka, na karata kubwa ya aina iliyoanzishwa. Aliyekula ndiye anayeanzisha mzunguko unaofuata.

Kifungo cha mwisho

Ahadi hutolewa kwa zamu, kuanzia kushoto kwa mgawaji. Kila mmoja anataja namba: sifuri, moja, mbili, hadi idadi ya karata alizonazo. Mgawaji anasema wa mwisho, naye ana kifungo ambacho wengine hawana. Haruhusiwi kutaja namba itakayofanya jumla ya ahadi zote ilingane na idadi ya mizunguko.

Chukua mgao wa karata tano. Watatu wa kwanza wameahidi mbili, moja na moja. Jumla ni nne. Mgawaji anaweza kusema sifuri, anaweza kusema mbili au zaidi, lakini moja amekatazwa, kwa sababu ingefanya tano. Na kwa uchungu usioelezeka, moja ndiyo namba ambayo karata zake zinamwonyesha.

Kuna meza zinazocheza bila kifungo hiki. Ni haki yao, ila mimi naona wanakunywa supu isiyo na chumvi. Bila kifungo inawezekana kila mtu akatimiza ahadi yake, na mgao ukaisha kwa amani. Kikiwapo, amani haiwezekani. Mizunguko ni mitano, ahadi ni nne au sita, na hesabu haibembelezwi: lazima angalau mtu mmoja akose. Tangu mgawaji anapofunga mdomo, kila mchezaji anajua kuna mtu atakayezama, na kazi ya kila mmoja ni kuhakikisha si yeye.

Hapo ndipo jumla inapoanza kusema. Ikiwa ahadi zimezidi mizunguko, tuseme sita kwa tano, meza ina njaa. Watu wanagombania, turufu zinatoka mapema, na karata uliyoidhania salama itakatwa. Ikiwa ahadi zimepungua, tuseme tatu kwa tano, meza imeshiba kabla ya kula. Kuna mizunguko miwili isiyo na mwenyewe, na kila mtu anaisukuma kwa jirani. Katika meza yenye njaa hofu ni kupungukiwa. Katika meza iliyoshiba hofu ni kuzidishiwa. Karata zilezile, ahadi ileile, lakini namna ya kuzicheza inageuka kabisa. Ukiahidi mbili kwenye meza yenye njaa, zichukue mapema. Ukiahidi mbili kwenye meza iliyoshiba, huna haraka. Mizunguko itakuja yenyewe, na shida yako itakuwa kuikimbia ya tatu.

Mtu anayeandika alama anapaswa kuitangaza jumla hiyo kwa sauti kabla ya mchezo kuanza. Wengi hawafanyi. Basi ihesabu mwenyewe kimoyomoyo.

Mgao mmoja, karata kwa karata

Maelezo yakizidi yanachosha, kwa hiyo tucheze. Wachezaji ni wanne, nitawaita kwa pande za dunia: Kaskazini, Mashariki, Kusini na Magharibi, na zamu inakwenda kwa mpangilio huo. Magharibi amegawa karata nne nne, kisha akafunua tisa ya kopa. Turufu ni kopa.

Kaskazini ana ree ya uru, sita ya uru, malkia wa pau na tatu ya shupaza. Mashariki ana mfalme wa pau, nne ya pau, kumi ya uru na tano ya kopa. Kusini ana mfalme wa kopa, mbili ya uru, nane ya shupaza na ghulamu wa shupaza. Magharibi, mgawaji, ana tatu ya kopa, mfalme wa shupaza, saba ya pau na tisa ya uru.

Kaskazini anaitazama ree yake, anajua ndiye atakayeanza, anaahidi moja. Mashariki ana vitu viwili vinavyoweza kula, mfalme wa pau na turufu ndogo, lakini hakuna kilicho cha uhakika, anaahidi moja. Kusini ana mfalme wa turufu, moja. Jumla tatu, mizunguko minne. Magharibi angependa kusema moja, na hawezi. Afanyeje? Kusema mbili ni kujitakia makubwa na turufu yenye namba tatu. Anasema sifuri. Jumla inabaki tatu. Meza imeshiba, na kuna mzunguko mmoja yatima unaotafuta wa kumwangukia.

Kaskazini anaanza na ree ya uru. Mashariki anafuata kwa kumi, Kusini kwa mbili, Magharibi kwa tisa. Ree inakula. Kaskazini ametimiza ahadi, na tangu sasa hataki kushinda chochote.

Anaanzisha tatu ya shupaza, ndogo kabisa aliyonayo. Hapa Mashariki ana uamuzi. Hana shupaza, kwa hiyo anaweza kukata kwa tano ya kopa na kula mzunguko wake mmoja papo hapo. Wengi wangekata bila kufikiri. Lakini angekata, Magharibi angeshusha mfalme wa shupaza chini ya turufu hiyo huku akitabasamu, mzigo wake mkubwa umeondoka bure. Mashariki hakati. Anatupa mfalme wa pau. Ndiyo, anatupa mfalme, kwa sababu mzunguko anaouhitaji ni mmoja tu na tano ya kopa inaweza kuuleta, halafu mfalme angekuja kumletea wa pili. Kusini anafuata kwa nane. Magharibi ana shupaza moja tu, nayo ni mfalme. Lazima aitoe, na lazima ale. Aliahidi sifuri. Amekwisha, na mzunguko yatima umepata baba.

Sasa Magharibi anaanzisha, akiwa na saba ya pau na tatu ya kopa. Anatoa saba ya pau. Kaskazini ana pau moja tu, malkia, analazimika kuitoa, na moyo unamdunda. Mashariki analazimika kutoa nne ya pau. Kusini anamalizia: hana pau, ana mfalme wa kopa na ghulamu wa shupaza.

Akikata kwa mfalme wa kopa, anatimiza ahadi yake bila shaka yoyote, na anamwokoa Kaskazini. Kisha ataanzisha ghulamu wa shupaza; Magharibi atatoa tatu ya kopa, Kaskazini sita ya uru, Mashariki tano ya kopa. Tano inakula. Kaskazini moja, Mashariki moja, Kusini moja, wote watatu wametimiza, na Magharibi peke yake amekosa.

Lakini tazama njia ya pili. Kusini akitupa ghulamu badala ya kukata, malkia wa Kaskazini anakula mzunguko wa pili, na Kaskazini amezama. Kaskazini anaanzisha karata yake ya mwisho, sita ya uru. Mashariki anatoa tano ya kopa, Kusini anaifunika kwa mfalme wa kopa, Magharibi anatoa tatu ya kopa. Kusini ana mmoja kama alivyoahidi. Mashariki hana hata mmoja. Wote wamekosa isipokuwa Kusini.

Alama za Kusini ni zilezile katika njia zote mbili. Tofauti ni kama wenzake wanapata au hawapati. Hatari yake ilikuwa moja: hakujua ree ya kopa iko wapi. Ingekuwa mkononi mwa mtu, mfalme wake angefunikwa katika mzunguko wa mwisho naye angezama pamoja nao. Je, achukue cha uhakika au awazamishe majirani kwa kubahatisha? Inategemea nani anaongoza kwenye karatasi ya alama. Kama Kaskazini yuko mbele sana, mimi ningetupa ghulamu.

Kuhesabu kabla ya kuahidi

Ree na mfalme si ahadi. Ni matumaini yenye masharti. Sharti la kwanza ni kwamba karata nyingi hazichezi. Watu wanne wakipewa karata tano tano, mezani kuna 20, moja imefunuliwa, na 31 zimelala kwenye rundo. Kwa hiyo ukiwa na mfalme wa uru na ree yake huioni, usidhani iko kwa jirani. Karata usizoziona ni 46, na wapinzani watatu wameshika 15 kati yake. Uwezekano kwamba ree iko mkononi mwa mmoja wao ni kama theluthi moja tu. Katika mgao wa karata kumi hali inageuka: usizoziona ni 41, wao wameshika 30, na ree iko mkononi mwa mtu karibu mara tatu katika kila nne. Mfalme yuleyule, thamani tofauti. Kadiri migao inavyoshuka, wafalme na malkia wanapanda cheo.

Sharti la pili ni urefu. Ukishika karata sita za aina moja, inapendeza macho, ila maana yake ni kwamba wengine watatu wamegawana zisizozidi saba, na kuna uwezekano mzuri mmoja wao hana hata moja. Huyo anaisubiri ree yako kwa turufu. Ree yenye karata moja au mbili za kuisindikiza ni salama zaidi kuliko ree yenye msafara, mradi uicheze mapema.

Upungufu wako nao ni mali. Ukikosa kabisa aina moja na una turufu mbili ndogo, hizo ndogo zina kazi: zitakata. Ukikosa aina moja na huna turufu, una dirisha la kutupia mizigo, jambo zuri sana kwa aliyeahidi sifuri.

Kisha kuna karata za katikati, saba hadi kumi, na hizi ndizo zinazowaharibia watu mgao. Mbili haitashinda, ree inaelekea kushinda. Zote mbili zinatabirika. Tisa haijui inataka nini. Ukiwa na tisa tatu mkononi huwezi kuahidi kwa uhakika namba yoyote. Mkono mzuri katika mchezo huu ni mkono wenye karata za juu na za chini bila za katikati, hata kama jumla yake inaonekana ya kinyonge. Wanaotoka kwenye michezo mingine huchelewa sana kulikubali hili.

Sifuri basi. Sifuri inashawishi katika migao midogo, na inaua katika mikubwa. Katika mgao wa karata kumi, kukwepa mizunguko yote kumi kunahitaji mkono mbaya wa ajabu, na kunahitaji wenzako wawe na njaa. Ukiahidi sifuri huku jumla ikiwa chini ya mizunguko, watu watakusaka, kama walivyomsaka Magharibi.

Anayetangaza mapema ana mzigo wa kukosa habari, na anayetangaza mwishoni ana habari lakini ana kifungo. Aliye wa pili kutoka mwisho, yaani anayesema kabla tu ya mgawaji, ndiye ninayemwonea wivu. Amesikia karibu kila kitu, hajafungwa, na anaweza kuchagua namba itakayomwacha mgawaji bila ahadi nzuri. Kama umegawanyika mawazo kati ya moja na mbili, fikiria ni ipi itakayomkaba mgawaji.

Aliyekwisha kuzama

Kwa mfumo wa alama ulioenea, aliyetimiza anapata alama 10 na nyongeza ya alama moja kwa kila mzunguko aliokula. Ukiahidi tatu ukala tatu, una 13. Ukiahidi sifuri ukakaa sifuri, una 10. Aliyekosa anapata sifuri. Utaona kwamba ile 10 inaumeza mfumo mzima: kutimiza ahadi ndogo kila mgao kunalipa kuliko kutimiza kubwa mara mojamoja.

Mfumo huu una tundu. Aliyekosa kwa mzunguko mmoja na aliyekosa kwa minne wote wana sifuri. Kwa hiyo mtu akishazama, hana tena cha kulinda, na anageuka mharibifu. Atakula mizunguko unayoihitaji, atakukwepa unapotaka akusaidie, atatunza turufu kwa ajili ya kukukomoa. Wengine wanaona huo ni utovu wa adabu. Sioni hivyo, kanuni zimemwachia silaha, na aliyemzamisha mapema angepaswa kulifikiria. Ndiyo maana wakati mwingine ni busara kumwacha mpinzani ana matumaini hadi mizunguko ya mwisho: mwenye matumaini hucheza kwa kutabirika.

Wanaotaka kuziba tundu hilo hukata alama kwa kila mzunguko uliozidi au kupungua. Wizard, mchezo uliobuniwa na Ken Fisher wa Canada mwaka 1984, unafanya hivyo: aliyetimiza anapata 20 na nyongeza ya 10 kwa kila mzunguko, aliyekosa anatozwa 10 kwa kila tofauti. Pakiti yake ina karata 60, zile 52 za kawaida pamoja na nne za mchawi zinazopiga kila kitu na nne za mzaha zisizopiga chochote. Zile za mzaha ni zawadi kwa wenye sifuri.

Mchezo mwingine wa jamii hii ni Ninety-Nine, uliobuniwa na David Parlett mwaka 1967, kwa wachezaji watatu. Hapo hakuna kutamka. Kila mmoja anapewa karata 12, anaweka tatu kando zikiwa zimefunikwa, na aina za hizo tatu ndizo ahadi yake: pau ni 3, kopa ni 2, shupaza ni 1, uru ni 0. Ukiweka pau, kopa na uru, umeahidi tano. Uzuri ni kwamba karata unazoahidi nazo ndizo unazozipoteza, na bonasi huongezeka waliotimiza wanapokuwa wachache: 10 wakitimiza wote watatu, 20 wakiwa wawili, 30 akiwa peke yake. Kusini wetu angeupenda.

Mambo machache ya kukubaliana kabla ya kuanza, maana ugomvi wake hauishi: mgawaji ana kifungo au hana, turufu inaruhusiwa kuanzishwa wakati wowote au la, nami nasema iruhusiwe, na mtu akigundulika ametoa turufu ilhali ana aina iliyoanzishwa, anatozwa nini. Andikeni majibu juu ya karatasi ya alama.

Mgao wa karata moja

Mtaufikia. Unachukua sekunde chache, na watu huudharau kama bahati nasibu, kumbe ndio wenye hesabu iliyo wazi kuliko yote. Wachezaji wanne, karata moja kila mmoja, turufu imefunuliwa. Wewe ndiye unayeanza na umeshika ree isiyo ya turufu. Utashinda ikiwa tu hakuna hata mmoja kati ya wenzako watatu mwenye turufu. Zimebaki turufu 12 katika karata 50 usizoziona. Ukipiga hesabu, ree yako inashinda kama mara 43 katika 100. Ukiwa si wa kuanza ni mbaya zaidi, kwa sababu sasa unahitaji pia aliyeanza awe na aina yako. Inashuka hadi karibu 14 katika 100. Na mbili ya turufu, ile karata duni kabisa ya aina yake, inashinda karibu mara 47 katika 100, popote ulipokaa. Mbili inaishinda ree. Kwa hiyo mwenye ree isiyo ya turufu aahidi sifuri, hata akiwa ndiye wa kuanza.

Sasa rudi kwa mgawaji na kifungo chake. Mzunguko ni mmoja, kwa hiyo jumla hairuhusiwi kuwa moja. Wenzake watatu wakisema sifuri, sifuri, sifuri, yeye hawezi kusema moja. Anabaki na sifuri tu. Na ikiwa mkononi ameshika ree ya turufu, karata isiyopigika katika pakiti nzima, ataahidi sifuri kwa sauti ya upole, ataitoa zamu yake ikifika, atakula mzunguko pekee uliopo, na ataandikiwa sifuri. Hapo ndipo jina la mchezo linapotamkwa kwa dhati.